Sumie na Macho ya Nuksi

Katika ukumbi wote wa mashindano ya taifa ya wanaume, hapakuwa na shabiki aliyejulikana kumzidi Sumie Otsubo, na hapakuwa na shabiki aliyeona machache kuliko yeye.

Mashabiki wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu ni watu wa adabu kubwa, karibu wote wanawake wa makamo, na adabu yenyewe ina utaratibu wake. Mchezaji akiingia uwanjani, kila anayempenda huinua kitambaa chenye jina lake. Akisimama katikati na kuweka mikono yake tayari, ukumbi hunyamaza kidogo, na hapo ndipo mwenye sauti hupaza sauti mara moja ya kumtia moyo. Muziki ukianza, vitambaa vyote hushushwa magotini ili walio nyuma waone. Sumie aliufuata utaratibu huo barabara mpaka hapo pa mwisho. Kitambaa chake cha samawati, chenye jina la Kaname Nishiwaki kwa herufi za njano alizozishona mwenyewe, kilifika magotini kama vya wenzake, kisha kikapanda. Alijifunika nacho gubigubi, kichwa na mabega, kama mtu anayejifukiza mafua, akabaki humo ndani mpaka makofi ya mwisho.

Watu wa Osaka hawana dogo. Walishampa jina la Bibi Mafua, naye alilijua na hakujali, kwa sababu alikuwa na hoja yake, na hoja yenyewe aliifanyia utafiti.

Mara ya kwanza kumwona Kaname, kijana huyo alikuwa na miaka kumi na mitano. Sumie alikuwa amekwenda kumsindikiza rafiki yake Chizuko, mke wa kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa mchezo huu. Kaname alianguka mara tano. Baada ya anguko la tano akainama kuwashukuru watazamaji kwa furaha kubwa, kana kwamba amekabidhiwa ufunguo wa gari, na Sumie, ambaye alikuwa mjane asiye na mtoto na siku nzima hugeuza vitumbua vya pweza kwenye chuma cha moto, akampenda papo hapo. Mara ya pili alikuwa msalani Kaname alipocheza, na Kaname hakuanguka hata mara moja. Mara ya tatu alitazama, kijana akaanguka kabla hata ya kuruka, akiwa anapunga mkono tu. Mtu mwingine angesema bahati. Sumie alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo na kukubali kwamba ana macho ya nuksi.

Tangu siku hiyo hakumtazama tena. Alimsikia. Chuma cha kiatu kikikwaruza barafu kwa sauti ya kuchana karatasi, alijua kijana ametua. Ukumbi ukisema "aah" kwa sauti ya kushuka, alijua yuko chini, na hapo alijipapasa kuona kama kuna upenyo wowote kitambaani uliopitisha jicho. Mwaka mmoja aligundua tundu dogo la sindano, akaenda nyumbani kulishona huku akijilaumu kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Chizuko hakuweza kuvumilia jambo hilo. Yeye alimshabikia bingwa, pamoja na nusu ya nchi, na alikuwa na darubini, mto wa kukalia, na vitambaa vya bingwa kwa kila rangi ya vazi. Alimwambia Sumie kila mwaka kwamba watu huomba dua wapate tiketi za ukumbi huu, ambazo hutolewa kwa bahati nasibu, yeye akipata anakuja kukaa ndani ya shuka. Sumie alimjibu kila mwaka kwamba bingwa hahitaji msaada wa mtu, ndiyo maana mashabiki wake wana nafasi ya kufumbua macho.

Lakini mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Kaname alikuwa anamaliza chuo. Wachezaji wa kiwango chake, wale ambao majina yao hayafiki magazetini, hutundika viatu wakimaliza chuo na mwezi wa nne huvaa suti kama vijana wenzao. Kaname alishapata kazi katika kampuni inayotengeneza vifuniko vya mabafu. Haya yalikuwa mashindano yake ya mwisho maishani, na Akseli, yaani mruko wa mizunguko mitatu na nusu ambao mchezaji huuingia akitazama mbele, hakuwahi kuitua hata mara moja kwenye mashindano ya taifa. Sumie alitaka aitue. Na safari hii, Mungu amsamehe, alitaka pia kuiona.

Mchezo mfupi siku ya kwanza ulimchanganya zaidi. Alijifukiza kama kawaida, Kaname akaikosea Akseli lakini akabaki wima, na akashika nafasi ya ishirini na nne, ambayo ndiyo ya mwisho inayoruhusiwa kuendelea kwenye mchezo mrefu. Mashabiki wa jirani walimpongeza Sumie kwa kuinamisha vichwa. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha mchezaji mwingine kabisa alimpa peremende. Chizuko peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Kesho kutwa nakunyang'anya hicho kitambaa," alisema. "Nitakikalia. Wewe utamtazama mtoto wa watu angalau mara moja kabla hajaenda kuuza vifuniko."

"Akianguka?"

"Ameanguka miaka yote hii ukiwa umejifunika. Ulidhani humo ndani tunakudanganya?"

"Huanguka kidogo," Sumie alisema. "Ningetazama, angevunjika."

Siku ya mchezo mrefu, Chizuko alitimiza ahadi. Wa mwisho kwenye orodha ndiye hutangulia kucheza, kwa hiyo Kaname alikuwa wa kwanza, mchana mapema, viti vingi bado vitupu na televisheni bado inaonyesha mapishi, kwa kuwa kamera huwashwa wakubwa wakikaribia. Wachezaji wa kundi la kwanza walipoingia kupasha miili moto, Chizuko alikivuta kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya mto wake na kukikalia kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mdogo. Sumie alijaribu kumsukuma. Akajaribu kumtekenya. Mwisho alisimama na kutoka nje mbio, akawaacha watu wa safu nzima wakikunja magoti kumpisha.

Kwenye korido hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja mwembamba, amesimama uso umegusa mashine ya vinywaji, vidole masikioni. Kopo la supu ya moto ya mahindi lilikuwa limeshatoka na kulala kwenye tundu la chini la mashine, yeye hana habari. Sumie alidhani mtu anaumwa. Akamgusa bega.

Yule mwanamke alishtuka, akatoa vidole, akaomba radhi mara tatu kabla hajaulizwa kitu. Halafu akamtazama Sumie vizuri, kuanzia koti la madoa ya chui hadi viatu.

"Samahani sana," alisema. "Wewe si yule wa kitambaa?"

Sumie alisema kitambaa kimekaliwa.

"Mimi ni mamake Kaname." Aliinama mpaka nywele zikamwangukia usoni. "Nyumbani tunakuita shangazi wa kitambaa. Kila mwaka Kaname akimaliza hutafuta hiyo rangi kwanza. Anasema humwona mtu amejifunika, basi moyo wake hutulia, anajua umekuja."

Sumie alijisikia joto mpaka kwenye masikio. Alichoweza kuuliza ni kwa nini Mama Kaname yuko huku wakati mwanawe yuko kule.

Mama Kaname alimsogelea. Akamweleza kwa sauti ya chini, kama anayeungama kula chakula cha watu, kwamba hajawahi kumtazama kwenye mashindano ya taifa. Kaname alipokuwa mdogo alimtazama, mtoto akaanguka akapasuka kidevu. Tangu hapo yeye huja hadi ukumbini, humfungia mwanawe chakula, humwambia kaza, kisha huja kusimama kwenye mashine ya vinywaji. Ana macho mabaya, alisema.

"Hapana," Sumie alisema. "Mimi ndiye mwenye macho mabaya."

"Shangazi, nisamehe, lakini mimi ndiye mama."

"Wewe kidevu kimoja tu. Mimi nilimwangusha mara tano kwa mkupuo."

Wangeendelea hivyo, maana kila mmoja alikuwa na ushahidi, lakini Sumie alikuwa na swali lingine. Akauliza babake Kaname yuko wapi. Yuko barabarani na lori, kuelekea Hiroshima. Bibi yake je? Bibi yake yuko nyumbani mbele ya televisheni, anaangalia mapishi. Sumie akajumlisha kwa vidole.

"Basi nani anamtazama?" aliuliza.

Ndani ya ukumbi filimbi ililia, wachezaji wakaambiwa watoke, abaki mmoja.

"Miaka yote hii mtoto anacheza," Sumie alisema, na sauti yake ikaanza kupanda kwa hasira, hasira ya kweli, na haikujua imwangukie nani, "sisi tunaompenda, mmoja yuko ndani ya kitambaa na mmoja anabusu mashine. Wanaomtazama ni waamuzi. Na waamuzi wenyewe hawampendi, alama zao unazijua."

Alimshika mkono Mama Kaname kama anavyomshika mteja anayetaka kuondoka bila kulipa. Supu ilibaki mashineni.

Waliingia jina la Kaname likitangazwa. Chizuko aliwaona, akakichomoa kitambaa chini yake kikiwa na mikunjo, akampa Sumie ncha moja na Mama Kaname nyingine bila kuuliza ni nani. Wakakiinua. Kaname, aliyevaa shati la kijivu lenye vitu vya kumeta, aligeuza kichwa kuitafuta rangi, akaiona, na chini yake akaona nyuso mbili. Alibaki kinywa wazi. Kisha akajikusanya na kwenda katikati, na ukumbi uliponyamaza Sumie aliachia sauti yake yote.

"Kaza, Kaname!"

Sauti ilifika juu ya paa ikarudi. Mwamuzi mmoja aliangusha kalamu. Vitambaa vikashuka, na Chizuko, haraka kama mwizi, akakirudisha cha samawati chini ya makalio yake.

Muziki ulianza. Sumie na Mama Kaname walikaa bega kwa bega, macho wameyatoa kama wanaotiwa dawa. Kaname alizunguka kona ya mbali, akachukua kasi, akaruka mruko wa kwanza, na akashuka kwa ubavu, akateleza hadi kwenye ukingo na kuupiga kwa kisigino.

"Umeona?" Mama Kaname alinong'ona. "Nilikwambia."

"Ni mimi," Sumie alisema.

"Ni mimi. Nilimtazama mguuni hasa."

"Mimi nilimtazama mwili mzima. Macho yangu yalimshika mapema, alipokuwa bado anakuja."

"Shangazi, usinichukulie kosa langu."

"Mama Kaname, kaa ukijua mimi kwa nuksi sina mpinzani Osaka nzima."

Walikuwa wamegeukiana sasa, pua kwa pua, kidole cha Sumie kikimgonga mwenzake kwenye kifungo cha koti, na Mama Kaname, mwanamke ambaye angeiomba radhi hata mashine, alikuwa amekishika kile kidole na kukisukuma. Viti vyao vilikuwa safu ya mbele, kwenye kona. Kitu cha kijivu kilipita mbele yao kwa kasi na kuacha upepo wa baridi. Sauti ya kuchana karatasi ilifuata, ndefu, safi, na ukumbi ukainuka kwa kishindo.

Chizuko alikuwa amesimama, darubini inaning'inia, anapiga makofi kama mtu anayeua mbu. Shabiki wa bingwa, yule. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Akseli!" alisema. "Sumie, umeona? Imetua kama kijiko kwenye uji. Umeona?"

Sumie aliitazama barafu. Kaname alikwisha fika upande wa pili, mikono imefunguka, anacheka peke yake. Sumie hakuwa ameona kitu. Alimtazama Mama Kaname, naye hakuwa ameona kitu, na bado alikuwa ameshika kile kidole.

Hawakugombana tena. Walishikana mikono na kutazama yaliyobaki kwa uchu wa watu waliochelewa kufika karamuni. Na yaliyobaki yalikuwa mengi. Sumie hakuwa na habari kwamba Kaname huhesabu kwa midomo akicheza. Hakujua kwamba hufumba macho anapozunguka, wala kwamba vidole vyake ni virefu na huvitandaza mwishoni mwa kila sauti ya muziki kama anayegawa kitu. Alianguka mara moja nyingine. Sumie alijiandaa kujilaumu, lakini hakupata nafasi, kwa sababu kijana aliinuka na mkono mmoja tayari ukiwa hewani mahali pake, kana kwamba kuanguka kulikuwa kumepangwa na mwalimu. Miaka yote, ukumbi uliposema "aah", Sumie alimwona kichwani mwake akiwa amelala kwenye barafu. Hakuwahi kufikiri jinsi anavyoinuka. Alimpenda wakati ule kupita kiasi, na alitamani muziki urudiwe mwanzo.

Muziki ulikwisha. Kaname alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye barafu kuiaga. Hapo ukumbi ukafanya jambo ambalo mashabiki hawa hulifanya kila mwaka na kila mwaka huwaliza: walisimama wote, wa bingwa na wa wasiokuwa mabingwa, na kila mwenye kitambaa akainua alicho nacho, jina lolote, rangi yoyote. Chizuko aliinua vya bingwa vyote. Kaname aliinama pande nne. Alama zilipotoka zilikuwa za kawaida, na hakuna aliyezisoma mara mbili.

Kaname alipanda kuwatafuta akiwa na jaketi juu ya shati la kumeta na raba miguuni, nywele zimelowa. Walikuwa koridoni, kwa kuwa Mama Kaname alikumbuka supu yake. Kaname alimwinamia Sumie mpaka chini kabisa, akamshukuru kwa kitambaa, na Sumie akamwambia aache, atamuua. Kisha kijana akamgeukia mamake.

"Mama, umeiona Akseli?"

Mama Kaname aliikumbatia supu.

"Nimeiona, mwanangu. Ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa juu."

"Juu sana," Sumie aliongeza. "Kama kijiko."

Kaname aliwatazama mmoja baada ya mwingine, midomo inamcheza.

"Nilipita mbele yenu," alisema. "Nilikuwa nimekaza mwili kama ubao, najiambia hii ndiyo ya mwisho, hii ndiyo ya mwisho. Nikageuza kichwa, nikaona mama yangu anapigana vidole na shangazi wa kitambaa. Nilicheka. Mwili ukalegea. Nikaja kushtuka nimeshatua."

Wanawake wawili waliinamisha vichwa kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Mama Kaname alianza kuomba radhi. Sumie hakuomba. Alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha wowote ndani yake, kwamba amekuja miaka yote hii, na ile moja aliyoitaka imempita mbele ya pua, na haitakuwepo nyingine.

Kaname aliitazama korido huku na huku. Mlinzi alikuwa mbali, anasoma karatasi. Akavua jaketi, akampa mamake.

"Ya sakafuni si mizunguko mitatu na nusu," alisema. "Mmoja na nusu tu. Lakini ni hiyo hiyo. Tazameni, msifumbe."

"Usiruke," Sumie alisema. "Sote wawili tunatazama. Utavunjika."

Alikwisha ruka. Hatua tatu za kukimbia, mguu wa kulia ukapanda, akazunguka hewani karibu na mashine ya vinywaji, akatua kwa mguu mmoja, raba ikilia kwenye sakafu, mikono wazi, shati linameta. Akabaki amesimama hivyo, wima, mbele ya macho manne ya nuksi yaliyofumbuka kabisa, wala hakuyumba.

Sumie alimtazama mpaka alipoushusha mguu. Halafu akakaa sakafuni na koti lake la chui, akalia kwa sauti, kwa sababu alikuwa amefahamu kwamba macho yake hayakuwa na kitu. Yalikuwa macho tu. Angeweza kumwona kila mwaka.

Mlinzi aliinua kichwa. Mama Kaname akawa anamwombea radhi kutoka mbali. Kaname alichuchumaa, akamshika Sumie kwapani, kwa ufundi wa mtu aliyezoea kuinuka kutoka chini.

"Inuka haraka, shangazi," alimnong'oneza. "Ukikaa sana waamuzi wanakata alama."